Kilichomo Tumboni mwa Mkaguzi

Nyumbani, 3 Machi

Chiriku,

Salamu nilizimaliza kwenye barua iliyopita, ambayo hukuijibu, kwa hiyo leo naanza na neno lenyewe. Kobe wako anaumwa.

Usipige yowe. Nimesema anaumwa, sijasema amekufa. Amegoma kula tangu juzi. Nimemwekea majani ya boga, nikamwekea tango, nikamchumia hata ua analolipenda kama mtoto apendavyo peremende. Aliliangalia, kisha akaniangalia mimi kana kwamba nimemtukana. Na ukaguzi ameuacha. Unajua kila asubuhi anaanzia kwenye pipa, anapita nyuma ya choo, anamalizia getini, ndiyo maana tukamwita Mkaguzi. Sasa amejibanza ukutani, kanyoosha shingo, anafungua mdomo na kuufunga bila kutoa neno, kama mkwe aliyeulizwa mambo ya ukoo.

Amemeza kitu. Nilimpindua nikamtikisa, hakikutoka. Nikampa kijiko cha mafuta ya kupikia, akanitemea mkononi. Kesho jirani dereva anampeleka mjini ndani ya beseni, kwa yule daktari wa wanyama aliyemtibu mbuzi wa mwenye duka. Mbuzi alikufa, lakini wanasema alikuwa mzee.

Sasa sikiliza. Usinipigie simu. Nimeshasema simu inakwaruza, andika. Na mama yako asijue. Tangu nilipounguza ile sufuria anatafuta sababu. Alisema kwa kinywa chake: "Mama, kifaa cha sikio kikikaa sikioni, utakaa kwako. Siku nitakayokuta hukivai, unahamia kwangu ghorofani." Mimi! Nikapande ngazi nikaishi kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama dirisha la mtu mwingine anayeanika soksi! Kifaa ninakivaa, mwambie hivyo akikuuliza. Nasikia hadi sisimizi wakisengenyana.

Aliyeniachia mnyama akaenda kutafuta kazi ni wewe. Sikulaumu. Nakukumbusha tu.

Bibi yako


Kliniki ya wanyama, mjini, 5 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi ndiye daktari ninayemtibu kobe wako. Nimepiga namba niliyopewa na jirani yako, ikaita hadi ikakata, mara tatu. Kwa hiyo naandika, na barua nampa yeye.

Tumempiga Mkaguzi picha ya eksirei. Tumbo lake limejaa kokoto. Hilo lisikutishe, kobe wengi humeza mawe madogo na huyatoa wenyewe. Lakini katikati ya zile kokoto kuna kitu duara, cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kimekwama tumboni.

Bibi, nakuomba unijibu swali moja: ni kitu gani? Nauliza kwa sababu njia ni mbili. Kikiwa kipande cha chuma tu, nitamwogesha maji ya uvuguvugu kila siku, nimpe dawa ya kulainisha, nimpe muda. Kobe hana haraka, nasi tusimharakishe. Lakini kikiwa betri, hata ile ndogo ya saa, hapo hakuna kusubiri. Betri huunguza nyama kutokea ndani. Nitalazimika kumpasua mara moja.

Na tafadhali, usimpindue tena na kumtikisa. Mapafu yake yako mgongoni, chini ya gamba. Ukimlaza chali, matumbo yote yanamkalia juu ya pumzi.

Daktari wa wanyama


Nyumbani, 6 Machi

Daktari,

Marahaba. Una mwandiko mzuri kwa mtu wa sindano.

Hicho kitu ni kifungo. Kifungo cha chuma cha koti la marehemu mume wangu. Nilikuwa nalianika, kikadondoka, mnyama akapita, basi. Kwa hiyo weka kisu chako kabatini. Mwogeshe hayo maji yako.

Na wewe binti hebu nieleze, maana mimi shule niliiacha darasa la nne na mambo makubwa hayakunifikia. Utampasuaje kobe? Mungu kampa nyumba isiyo na mlango, wewe unataka kumtobolea mlango? Kwa nini? Uliona ukuta ukadhani wewe ni fundi mwashi? Huyo mnyama ameishi na mimi tangu mjukuu wangu akiwa na meno ya utoto. Alikuja mdogo anaenea kiganjani. Sitaki arudi kwangu ameshonwa kama gunia.

Habari ya kumtikisa nimekuelewa. Hukuwa na haja ya kuiandika kwa ukali.

Mwenye kobe


Kazini, 8 Machi

Bibi yangu, shikamoo,

Barua yako ilikaa siku nzima chini ya kiti cha dereva wa basi, ndiyo maana nimechelewa. Nimempigia daktari leo wakati wa mapumziko, nimejificha stoo kwa sababu msimamizi wetu akiona simu mkononi anakuwa kama mtu aliyeona nyoka. Daktari amenieleza habari ya kifungo.

Bibi. Kifungo gani? Koti la babu lina zipu. Lilikuwa na zipu tangu likiwa jipya, na zipu yenyewe ilimbana kidevu siku ya harusi ya shangazi, ukacheka hadi ukakaa chini. Sikumwambia daktari. Nimeona nikuulize wewe kwanza.

Mkaguzi akifa sijui nitafanya nini. Ninakaa chumba kimoja na wenzangu wanne, na usiku nikishindwa kulala huwa namfuata kichwani: pipa, choo, geti. Nikifika getini nimeshasinzia. Usicheke.

Halafu kuna jambo jingine, na usinikasirikie. Mama anakuja kwako Jumapili. Kasema anakuletea betri mpya za kile kifaa na anataka kukaa nawe mchana mzima "aone mambo yanavyokwenda". Sikumwambia chochote kuhusu kobe. Lakini ukiniuliza, ningekuwa wewe ningemwambia mimi mwenyewe kabla hajaona uwanja hauna Mkaguzi.

Chiriku wako


Kliniki, 9 Machi

Bibi,

Leo sina muda wa salamu, unisamehe.

Mkaguzi amebadilika tangu jana jioni. Anatokwa na ute mweusi mdomoni, na ndani yake mna damu. Akiguswa upande wa kushoto wa tumbo anavuta miguu yote minne kwa mpigo. Nimempiga picha nyingine, safari hii ya ubavuni. Kile kitu kina ukingo wa mistari miwili, na pembeni yake pana uzi mwembamba wa chuma. Bibi, vifungo havina waya.

Sijui unalinda nini, na si kazi yangu kujua. Lakini nakuambia kilicho kazi yangu. Pana njia ya kupitia nyama laini iliyo mbele ya mguu wa nyuma. Kidonda chake ni kidogo, kinapona upesi, ila mkono wangu hautaona yote. Na pana njia ya kukata dirisha kwenye gamba la chini, kwa msumeno mdogo, nikalifunua, nikaliona tumbo zima na kila palipoungua. Hiyo ni kubwa. Gamba huchukua mwaka mzima na zaidi kushikana. Kama ni kifungo, kumkata gamba ni kumtesa bure. Kama ni betri, nikipita mguuni nitatoa kitu na kuacha kidonda kinachovuja, na atakufa mikononi mwako nyumbani.

Nimemwambia jirani yako asiondoke bila jibu. Kesho asubuhi napasua. Niambie napita wapi.

Daktari


Nyumbani, 9 Machi

Daktari,

Kata gamba.

Ni betri. Ni kifaa cha sikio, kizima, na betri yake ndani. Sina kifungo wala koti lenye vifungo. Usiniletee ile methali ya mficha maradhi, naijua tangu sijaota meno.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kibarazani nakata nyanya. Nikakivua kile kifaa, kwa sababu kisu kikigusa sahani kinapiga kelele kama nguruwe, nikakiweka ukingoni mwa sahani. Ni cha sikio la kulia, kina alama nyekundu. Maganda ya nyanya nikamsogezea mnyama kama siku zote. Nikageuka kuchukua chumvi. Niliporudisha macho nikaona shingo yake imenyooka na kitu chekundu kinaingia. Nikajua. Nikasema atakitoa, mbona mawe anayatoa. Kila asubuhi nimekuwa nachokoachokoa kinyesi chake kwa kijiti kama mwanamke aliyerogwa.

Umeandika kwamba hujui nalinda nini. Nalinda nyumba yangu. Binti yangu akijua nimekaa bila kifaa, ananihamisha. Na si tangu wiki iliyopita tu, miye kifaa hicho hata kikiwepo nilikuwa nakivaa akija yeye. Simu yako niliiona inatetemeka mezani. Ningeipokea ningesema nini?

Na nikwambie jambo moja zaidi ili ujue unampasua nani. Mtu akisukuma geti, Mkaguzi anaingiza kichwa. Ardhi inamwambia. Mimi namwona, nasema "karibu" kabla mgeni hajabisha, nao wanaenda kusema bibi yule masikio yake kama ya paka. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Binti yangu anakuja kesho, na mnyama yuko kwako. Basi. Kata.

Mjukuu wangu usimwambie, wala mama yake. Hilo niachie mimi.

Dereva yuko nje, mdomo wazi, anapunga mikono. Nadhani anapiga honi.

Mwenye kobe


Kwangu, 11 Machi

Mama,

Naandika kwa sababu jana nilipofungua mdomo nililia, na wewe ukanitazama usoni kutafuta maneno ambayo hayakuwepo.

Nilibisha geti. Nikaingia, nikabisha mlango hadi vidole vikauma. Nikachungulia dirishani, nikakuona umekaa unachambua maharage, umenipa mgongo. Nikaita. Nikaita kwa jina lako la utotoni, lile ambalo alibaki kukuita mama yako mzazi tu. Hukugeuka. Nilipoingia nikakugusa bega uliruka, sinia likamwagika, ukaniambia, "Nilikusikia, nilikuwa nakutania." Mama. Tukaokota maharage wote wawili sakafuni.

Sikukuuliza kifaa kiko wapi. Niliona sikio. Sikukuuliza kobe yuko wapi pia, maana nilijua utanidanganya nalo hilo, na sikutaka kusikia uongo mara mbili kwa siku moja.

Je, angekuwa mwizi? Je, ungekuwa moto? Nimepanga chumba. Nimeweka kitanda mbali na dirisha kwa sababu ya zile soksi unazozilalamikia. Jumamosi nitakuja na gari.

Binti yako


Kliniki, 11 Machi

Bibi, shikamoo,

Nimelala kidogo, mwandiko utauona.

Tulimpasua jana. Kobe hapigwi dawa ya usingizi kama mbwa, anaweza kubana pumzi akakushinda, kwa hiyo tulimchoma sindano kwanza, kisha tukamwingiza mrija kooni na msaidizi wangu akawa anampumulia kwa mkono muda wote. Nilikata dirisha la pande nne kwenye gamba la chini, msumeno nikiulaza kidogo ili kipande kisije kikatumbukia ndani wakati wa kukirudisha. Upande mmoja nikauacha umeshika nyama, damu iendelee kupita. Halafu nikalifunua kama kifuniko cha sanduku.

Bibi, ulinipa njia iliyo sahihi. Betri ilikuwa imeanza kuvuja. Palikuwa na doa jeusi kwenye ukuta wa tumbo, bado kidogo litoboke. Kutokea mguuni nisingeliona. Nimekitoa kifaa, nimekata sehemu iliyokufa, nimeshona tabaka mbili, nimelirudisha gamba na kulifunga kwa gundi ngumu aliyonipa daktari wa meno wa jirani.

Sasa ukweli. Bado hajaamka sawasawa. Moyo unapiga, anavuta pumzi peke yake, lakini macho kafumba. Kobe huchelewa kuamka, inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa hata baada ya wiki, na wengine hawaamki. Sikuahidi.

Akiamka, hatakula kwa mdomo kwa muda. Nimemwekea mrija shingoni. Chakula kinasukumwa kwa bomba la sindano, polepole, kila siku. Ni kazi ya watu wawili, mmoja amshike kichwa asikirudishe ndani, mwingine asukume. Peke yako hutaweza. Nakuambia hili kwa sababu umezoea kuweza.

Daktari


Nyumbani, 12 Machi

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira kidogo.

Kwanza nikutoe wasiwasi, kisha nikutie mwingine. Kifaa chako kilimezwa na kobe. Usisome tena, umesoma vizuri. Kobe yuko mjini, amepasuliwa tumbo kwa sababu yake, na mpaka naandika hapa sijui kama atafumbua macho. Chiriku hajui yote. Nimemficha, nimekuficha wewe, nikamficha na daktari kwa siku tatu, na siku hizo tatu zimemuunguza mnyama. Nilidhani naficha sikio, kumbe naficha kisu.

Sisikii. Haya, nimeandika. Tangu kabla ya kile kifaa, na baada yake.

Sasa utauliza kwa nini sikukivaa, kifaa kizuri, ulichokitafuta kwa jasho lako. Nitakuambia, na ukitaka kununa, nuna. Ulipokileta ukanivika, ukakaa nami hadi jioni, ukaongea, nikasikia vizuri. Kisha ukaondoka. Nikabaki nacho sikioni. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia bomba linadondoka. Nikasikia mbwa wa watu, redio ya watu, watoto wa watu. Nikangoja nisikie kitu kilicho changu, hakikuja. Wala kesho yake. Bila kile kifaa, ukimya ni wangu mwenyewe, ni wa masikio yangu, ni uzee, hauna lawama. Nikikivaa, ukimya ni wenu.

Ndiyo maana nilikivua. Si nguruwe, si sahani, kama nilivyomwambia daktari.

Njoo na hilo gari Jumamosi. Lakini kitanda changu hakiingii humo. Kwanza tutapita mjini kumchukua Mkaguzi, akiwa hai au akiwa vinginevyo. Akiwa hai, kulishwa kwake ni kazi ya watu wawili, daktari kasema, na mimi mkono wa kushoto unatetemeka, hilo nalo nililificha, andika kwenye orodha yako. Omba ruhusa kazini. Kaa hapa. Tugombane hapa hapa, uso kwa uso, na kama mwisho wa ugomvi utakuwa ngazi zako, nitazipanda kwa miguu yangu.

Leta kifaa kingine.

Sijui kuomba, sikufundishwa na mimi sikukufundisha. Hivi ndivyo inavyotoka.

Mama yako


Nyumbani, 2 Aprili

Chiriku,

Umeandika barua tatu mfululizo na zote zina neno moja, "je?" Je yako hii hapa.

Yuko hai. Alifumbua macho siku ile ile tuliyofika kliniki, akamtazama daktari, akamtazama mama yako, akayafumba tena, nami nikasema sawa, akili anazo. Sasa yuko jikoni kwenye sanduku lenye joto, tumboni ana kiraka kama tairi la baiskeli. Daktari anasema kiraka kitakaa mwaka na ushee. Nimemwambia mimi sina haraka, na yeye Mkaguzi ndio kabisa.

Kumlisha ni vita. Mimi nashika kichwa, mama yako anasukuma. Anasukuma haraka, namfokea. Anasukuma polepole, namfokea. Jana Mkaguzi alimng'ata kidole kikatoka damu. Tulifurahi kama watu waliopokea posa. Daktari kajibu kwamba akianza kung'ata, karibu ataanza kula, tumjaribu kwa jani laini. Kidole cha mama yako hakijambo, ila anakizungumzia sana.

Nakuandikia sasa mambo yote, wala usimuulize mama yako, maana anayapamba. Kilichomezwa ni sikio langu la plastiki. Kifungo ulinikamata nacho, na zipu ya babu yako, Mungu amrehemu, bado inanifuata mpaka leo. Ungemwambia daktari siku ile ungekuwa umefanya vizuri kuliko mimi. Wakati mwingine usimuulize bibi kwanza.

Habari ya kuhama hatujamaliza. Yeye anasema ghorofani, mimi nasema hapa, yeye anasema moto, mimi nasema ngazi. Ruhusa yake inaisha mwisho wa wiki. Ameomba nyingine. Sijamuuliza kama ni kwa ajili ya kobe.

Kifaa kipya ninacho sikioni. Kinawasha. Mama yako anaongea kutoka alfajiri, anaongea na sufuria, anaongea na mnyama, anaongea na watu wa kazini wasiokuwepo, kichwa kinanigonga. Juzi alikuwa jikoni, kanipa mgongo, akaniita kwa sauti ya kawaida, ya mtu asiyetegemea kujibiwa.

Nikaitika. Akadondosha kijiko.

Bibi yako